Kiranja wa nidhamu wanagombea kumi, kiranja wa taaluma hakuna anayemtaka: tuzungumze uongozi wa wanafunzi sekondari

Mlezi_wa_Serikali (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali mkoani, bweni na kutwa pamoja, na nimepewa ulezi wa serikali ya wanafunzi. Fomu za kugombea zimetoka wiki hii. Kila mtoto anataka nidhamu. Chakula nacho kina wateja wake, sababu mnazijua. Taaluma imebaki wazi mpaka darasa likamsukuma mmoja kwa nguvu, afya na mazingira ndiyo kabisa.

Nilimwuliza kijana mmoja kwa nini nidhamu. Akanijibu bila kupepesa: "Mwalimu, kiranja wa nidhamu haoshi choo." Jibu la kweli hilo. Shule nyingi tumempa kiranja wa nidhamu daftari la majina, kipenga, na mahali pengine fimbo. Haendi shambani, anakula wa kwanza bwaloni, na njuka (wageni wa kidato cha kwanza) wanamfulia. Halafu tunasimama mstarini tunasema uongozi ni utumishi. Watoto wanatusikia, ila wanachokifuata ni kile wanachokiona.

Hoja yangu ni kwamba kazi ya kulinda utaratibu na kazi ya kumlea mwanafunzi mgeni tumezibebesha watu walewale, na ya pili imekufa. Anayekuandika jina kwa kuchelewa prepo (masomo ya jioni) huwezi kumwendea usiku umwambie hujaelewa kitu tangu ufike, au kuna mtu anakusumbua. Inatakiwa njia nyingine ya uongozi kando ya viranja, na njia hiyo iwe na heshima yake, cheti chake na mwalimu wake.

Tazameni Januari. Mtoto katoka darasa la saba alikosoma kila kitu kwa Kiswahili. Anaripoti kidato cha kwanza na tranka lake, na wiki chache baadaye anafundishwa Biolojia, Jiografia na Hisabati kwa Kiingereza. Ile kozi ya mwanzo ya lugha inasaidia kiasi, lakini haitoshi. Tangu ada iondolewe mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kwa cha tano na sita, watoto wameongezeka (jambo jema sana, asinielewe mtu vibaya), na mwalimu mmoja hawezi kumjua kila aliyekaa nyuma akiinamisha kichwa. Anayemjua ni mwenzake wa kitanda cha juu.

Shuleni kwetu walezi wa wageni hao tunawachukua vidato vya pili, si vya nne. Wenzangu wa ofisini walibisha: wa kidato cha nne ndio wakubwa, wamekomaa. Lakini wa kidato cha nne ana mtihani wa Novemba kichwani, na ameshasahau ilivyokuwa kukaa darasani na kutoelewa hata swali lenyewe. Wa kidato cha pili jeraha lake bado bichi. Na tena hatuchukui vipanga (wale wenye akili sana darasani) tu. Binti aliyeanza na F ya Hisabati akajikongoja hadi C anaelekeza vizuri kuliko yule aliyezaliwa anaelewa, kwa sababu anajua mwenzake amekwama mstari gani.

Mlezi mmoja anapewa wageni watatu wa bweni lake. Mmoja mmoja haifai: wakikosana imekwisha, na wakipendana kupita kiasi ni tatizo la namna nyingine. Wavulana kwa wavulana, wasichana kwa wasichana. Kazi yao siku za mwanzo ni ndogo ndogo mno: kuonyeshana ratiba inavyosomwa, ofisi ya mwalimu wa zamu iko wapi, ukiumwa unaanza kwa nani, maji yakikatika yanapatikana wapi. Baadaye wanakaa Jumapili baada ya chakula cha mchana na ukurasa mmoja tu wa daftari. Wanausoma kwa sauti, wanatafuta maneno kwenye kamusi, kisha kila mmoja anaueleza kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja. Mlezi akitaka kufundisha sura nzima namzuia, maana hapo anageuka mwalimu wa bandia na njuka wanasinzia.

Kuna makatazo wanayoyasaini mbele ya matroni na patroni. Mlezi hamtumi mgeni maji. Hafuliwi nguo. Hakopi wala hakopeshi. Haandiki majina ya wakosaji, hata akiombwa na mwalimu, na hili ndilo linalonikosanisha na mwalimu wa nidhamu kila muhula. Tena kuna siri ambazo hazitunzwi: mtoto akisema anapigwa, ameguswa vibaya, au anafikiria kutoroka au kujidhuru, taarifa inafika kwa matroni siku hiyohiyo. Mlezi ana miaka kumi na mitano. Mzigo huo si wa kulala nao.

Uwanja ni wenu. Shuleni kwenu mnafanyaje, na ninyi mliopitia, nani aliwapokea?

Kamanda_Bweni

Mwalimu, nakuheshimu, lakini haya ni maneno ya semina. Mimi nilikuwa kaka mkuu shule ya wavulana watupu. Bweni lina watoto mia na zaidi, patroni anaishi mjini, umeme umekatika. Bila viranja wenye meno watoto wanaruka ukuta wanaenda disko. Tulikuwa tunachapa, na watu walifaulu. Leo nakutana na niliowachapa, wananishukuru.

Mlezi_wa_Serikali

Kamanda, wanaokushukuru ndio unaokutana nao. Wengine wakikuona wanavuka barabara.

Hilo la kuchapa halina hata mjadala wa falsafa, lina kanuni. Tangazo la Serikali namba 294 la mwaka 2002 linasema fimbo ni ya mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na inaandikwa kwenye kitabu. Kiranja hayumo popote. Mkuu wa shule anayemwachia mwanafunzi fimbo anajiweka pabaya yeye mwenyewe, na siku mtoto akivunjika mkono ndipo atatafuta alikosaini.

Patroni kuishi mjini, hapo nakubaliana nawe. Ila hilo ni pengo la mtu mzima, na tumelijaza kwa mtoto wa miaka kumi na saba aliyepewa mamlaka bila mshahara wala mafunzo.

Milambo_Mstaafu

Kamanda, nikuongezee kisa cha Shule ya Tabora. Nyerere alisoma pale kuanzia mwaka 1937. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, mkuu wa shule akakataa, kwa maelezo kwamba kijana yule ni mpole mno kwa kazi hiyo. Mpole mno! Miaka kama ishirini na kitu baadaye mpole anaapishwa kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Na mwaka 1967 alipoandika Elimu ya Kujitegemea alisisitiza kwamba wanafunzi washirikishwe kupanga na kuamua kuhusu kazi za shule, shamba likiwemo, wasiwe wa kuamrishwa tu. Sisi tulichukua jembe, tukaacha lile la kushirikishwa.

Wa_Mlimani_Nyeri

Jambo watu wa bara. Niko Kenya, naomba nichangie.

Kwetu somo hili tulilipata kwa damu. Mwaka 1999 katika shule ya upili ya Nyeri wanafunzi waliwafungia viranja wanne ndani ya chumba chao usiku na kuwachoma moto. Wote wanne walifariki. Viranja walikuwa na vyumba vyao vya kulala, na marupurupu ambayo wengine hawakuwa nayo. Chumba kile kilichowatenga ndicho kilichowarahisishia kazi wauaji. Sisemi wale vijana walistahili, hapana, walikuwa watoto wa wenyewe. Nasema mfumo uliwaweka kati ya walimu na wanafunzi, na hasira dhidi ya walimu ikawafikia wao kwanza.

Baada ya migomo ya 2008 ndipo likaundwa Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari mwaka 2009, viongozi wakaanza kuchaguliwa kwa kura. Siku hizi shule zina rais na makamu wake na baraza la mawaziri. Kuna mahali imefanya kazi vizuri, wanafunzi wanaketi na mwalimu mkuu na kujadili chakula na saa za masomo. Mahali pengine ni majina tu yamebadilika. Mateso ya wamono, yaani wa kidato cha kwanza, hayakuisha kwa sababu ya kura. Hata Alliance, shule ya fahari ya nchi nzima, ilitikiswa na sakata la kuonea wadogo mwaka 2017, na viranja ndio waliotajwa. Kwa hiyo mwalimu, ile ya kutenganisha kazi mbili nakuunga mkono kwa asilimia zote. Uchaguzi peke yake haumlindi mtoto wa kidato cha kwanza, maana yeye kura yake inaanza baada ya kipigo.

Mwl_wa_Kata

Mada nzuri ila naona mnajadili bweni. Wengi wetu tuko shule za kutwa. Mtoto anatembea saa nzima na nusu asubuhi, jioni vivyo hivyo, njaa tumboni. Huko njiani kuna bodaboda wanaowapa lifti wasichana, na lifti ina bei. Mlezi wa kitanda cha juu atanisaidia nini?

Mlezi_wa_Serikali

Swali zuri kuliko yote hadi sasa. Hata sisi nusu ya watoto ni wa kutwa, na kwao tunapanga kwa njia wanayopita. Walimu wawili wanakaa na wanafunzi na kuchora njia za kurudi nyumbani: wa mtoni, wa kanisani, wa barabara kuu. Kila njia ina wakubwa wake wa kidato cha pili na cha tatu, na wageni wa njia hiyo wanakwenda nao. Wanaondoka pamoja, anayekosekana anajulikana jioni ileile, na wakati wa kutembea ndio huohuo wa kuulizana maswali ya darasani. Haihitaji hata shilingi.

Ulinzi kamili siuahidi. Bodaboda ni suala la serikali ya kijiji na polisi, hatuwezi kumkabidhi mtoto. Lakini binti anayetembea na wenzake watano hapewi lifti kirahisi.

Dada_wa_Iringa

Naongea kama niliyekuwa ndani. Baada ya kumaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani, halafu nikajiunga na mpango wa CAMFED, shirika linalosaidia elimu ya wasichana. Wanawachukua wasichana waliomaliza sekondari, wanawapa mafunzo, kisha wanarudi kujitolea kwenye shule za maeneo yao kufundisha stadi za maisha na kufuatilia wanaoanza kuwa watoro. Malipo hakuna, ila unaruhusiwa kuomba mkopo usio na riba wa kuanzisha biashara. Ile kazi ya kujitolea ndiyo inayohesabiwa kama riba. Mimi nilifuga kuku.

Nilichokiona ni hiki: binti haniambii kitu nikimkuta ofisini kwa mwalimu. Ananiambia tukichota maji. Alikuwepo mmoja aliyeacha kuja shule wiki moja kila mwezi, walimu wameshamwandika mtoro. Nilipokwenda kwao nikakuta hana pedi, na shule choo hakina mlango. Hapo hotuba haitoshi. Unarudi kwa mkuu wa shule unadai mlango. Kwa hiyo mwalimu, mlezi asiwe mtu wa kufariji tu. Awe na mahali pa kupeleka madai, na yajibiwe.

Mlezi_wa_Serikali

Dada, shikamoo kwa hilo hata kama umri wangu ni mkubwa. Umenikumbusha TUSEME, mradi wa michezo ya kuigiza wa wasichana, ulioanzia Idara ya Sanaa za Maonyesho pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba. Wasichana wa sekondari walikuwa wanachunguza matatizo yao wenyewe, wanayatungia mchezo, wanauigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha wanadai majibu. FAWE, jukwaa la waelimishaji wanawake wa Afrika, wakauchukua hadi nchi nyingine za bara hili. Mwalimu anayekasirika ukimwambia mlango wa choo umeng'oka, mlango huohuo akiuona jukwaani anacheka kwanza, halafu anaona aibu.

Kwetu madai ya walezi yanaingia kwenye baraza la shule kama ajenda ya kwanza. Kabla walikuwa wanasubiri mwisho, kengele inagonga, kikao kimefungwa.

Mama_Wawili

Samahani walimu, mimi ni mzazi. Binti yangu kachaguliwa dada mkuu, kidato cha tatu. Tulifurahi, tukapika pilau. Sasa hesabu zimeshuka, na nikimpigia matroni naambiwa yuko kwenye kikao. Kila siku kikao. Nimtoe kwenye uongozi au nisubiri?

Mwl_wa_Kata

Mama, usimtoe. Nenda shuleni umwulize mlezi wa serikali ya wanafunzi kitu kimoja: kati ya kazi anazofanya binti, zipi ni za mwalimu? Nakuhakikishia utazikuta. Kuhesabu mahudhurio ya walimu, kusimamia prepo kila siku, kugawa chakula, kupokea wageni wa shule. Dada mkuu anageuzwa karani asiyelipwa.

Mlezi_wa_Serikali

Mama, nakazia hapo. Omba prepo zake zisiguswe na wasaidizi wake wagawane zamu. Zaidi ya hapo, mwenyewe anasemaje? Wako watoto uongozi unawachangamsha, wako unaowakausha. Mwulize akiwa nyumbani, si kwa simu ya matroni, kwa sababu pale ana wasikilizaji.

Form3_Kijana

Shikamooni. Mimi bado mwanafunzi, natumia simu ya bro. Nilisikia ukiwa kiongozi unapata nafasi za kusoma nje au shule za kimataifa, kama African Leadership Academy ya Johannesburg au UWC pale Moshi. Je, lazima uwe kaka mkuu? Maana mimi sina sura ya kuchaguliwa, na walimu wakichuja majina wanaangalia mwenye sauti kubwa.

Milambo_Mstaafu

Marahaba kijana. Kwanza simu umrudishie bro, ukasome.

Pili, si lazima. Shule za namna hiyo zinataka uonyeshe ulichofanya, na cheo kitupu hakielezi kitu. "Nilikuwa kaka mkuu" ni sentensi moja, ukishaiandika umemaliza. Aliyekusanya wenzake saba waliokuwa wanafeli Fizikia akakaa nao muhula mzima, akaona wangapi wamepanda na wangapi wameacha na kwa nini, huyo ana kurasa. Anza na watatu wa darasani kwako. Usisubiri fomu.

Kamanda_Bweni

Nimesoma yote. Habari ya Nyeri nilikuwa siijui, imenikalisha. Bado nasema ukimwondolea kiranja meno, mwalimu lazima alale shuleni, na nyumba za walimu hazipo. Mtajenga lini?

Mlezi_wa_Serikali

Hapo Kamanda umenishika pabaya, kwetu nyumba za walimu ziko mbili na moja imevuja tangu mvua za masika. Ukweli ni kwamba viranja wenye fimbo ni njia ya bei rahisi ya kuendesha bweni bila watu wazima, na mtu akisema wazi kwamba ni bei tutaweza kuijadili. Mimi niko tayari kulala zamu shuleni. Wenzangu wenye watoto wachanga siwezi kuwalazimisha.

Mwl_wa_Kata

Mwalimu, yale makatazo wanayosaini unaweza kuyaandika hapa yote? Tunafungua Januari, nataka nimpelekee mkuu wa shule kabla hajapanga ratiba ya mapokezi.

Mlezi_wa_Serikali

Nitayaandika kesho jioni nikitoka shule, nayapiga picha nayaweka hapa. Yamo kwenye karatasi moja, mwandiko wa mkono. Ila usiyapeleke kama yalivyo. Kaa na vidato vya pili wako kwanza uwaulize wao walipofika nini kiliwaumiza, kisha waongeze na kufuta. Letu la "mlezi hali chakula cha mgeni aliyeletewa siku ya wazazi" liliongezwa na mtoto, na mwalimu yeyote asingelifikiria.

Dada_wa_Iringa

Hilo la siku ya wazazi liwe namba moja. Chapati zangu ziliishia huko.